Mikono ya Babu Lemuel

Filamu ya kwanza haikuwa na sauti.
Rais, kabla hajawa rais, alikuwa kijana
aliyepakwa poda nyeupe hadi masikioni,
akimlilia mama yake kaburini
kwa ishara za mtu anayefukuza nyuki.
Ya tatu ilikuwa ya rangi, na mahindi yake
yalikuwa mabichi kuliko mahindi.
Lakini ile ya pili, ya mwaka thelathini na nane,
ilipigwa hapa kwetu Indiana,
ng'ambo ya kinu cha Stambaugh,
na hiyo nina haki nayo.

Walikuja na malori saba.
Kibanda cha magogo wakakijenga kwa siku mbili,
upande wa mbele tu; nyuma yake
palikuwa na nguzo za kuegemeza
na mpishi akikaanga mayai.
Theluji ilikuwa chumvi, mwezi wa Juni.
Ng'ombe wa Orpha Kessler waliruka ua usiku
wakailamba Januari yote.

Mwigizaji alikuwa mrefu,
shavu kama yai lililomenywa.
Akapewa shoka. Akalishika
kama mtu aliyepakatishwa mtoto wa jirani, tena kalowa.
Lilipomponyoka mara ya tatu
likaupitia mguu wa mwongozaji kwa inchi mbili,
mwongozaji akavua kofia, akawageukia
watu waliokuja kushangaa:
"Nani hapa ana mikono?"

Nani hapa ana mikono!
Kwetu limebaki kama methali.
Bibi alilitamka kila chungu kilipohitaji kuteguliwa.

Babu Lemuel alikuwa amekuja kuuza maziwa.
Wakamvika shati la Rais.
Kwa hiyo ukiitazama: uso unaangalia mbali,
picha inakatika,
shoka linashuka, gogo linafunguka kama mkate.
Huyo ni babu. Dola tatu kwa siku
na chakula cha mchana.

Usiku wakapiga lile tukio la kitabu.
Unalijua. Moto wa kuni,
kijana kalala kifudifudi, sheria za nchi mbele yake,
kidole kinafuata mstari.
Uso ni wa yule mgeni. Kidole ni cha babu,
maana kucha za mgeni zilikuwa zinang'aa.

Na babu hakujua kusoma.
Kwenye risiti ya zile dola alitia msalaba.
Kitabu alikishika kichwa chini miguu juu
na hakuna aliyeona:
mpiga picha alitazama mwanga,
mwongozaji alitazama saa.
Kidole kikaenda, kwa adabu, polepole,
kushoto kwenda kulia,
kikipapasa maneno yaliyolala chali.

Darasa la nne, Bi Tolliver alizima taa.
"Tazameni alivyoipenda elimu," alisema.
"Tazameni kidole kile."
Nilikitazama. Ncha yake ililiwa na mashine ya mahindi
kabla mama hajazaliwa,
na asubuhi ile ile kilikuwa kimenifunga kamba za viatu.
Nikanyoosha mkono niseme.
Bi Tolliver alikuwa anafuta machozi.
Nikaushusha.

Nilimwuliza babu siku moja, alikuwa anawaza nini
pale mbele ya moto.
"Deni la kwa Stambaugh," akasema.
"Waliniambia nisogeze kidole mpaka waseme basi.
Nikalihesabu lote. Hawakusema basi."

Sasa mahakama ya wilaya ina sanamu ya shaba.
Mchongaji hakupata picha ya Rais akiwa kijana,
hazikuwepo, akaazima mikono kwenye filamu.
Ile ncha iliyokosekana ameikosesha vilevile,
na mwongoza wageni, kijana mwenye kofia ya majani,
ana kisa chake: mafuriko, mashua, mtoto aliyeokolewa.
Kila mwezi mto unazidi kujaa.

Wageni hukigusa kwa bahati njema.
Kimekwisha kuwa cheupe kwa kuguswa.

Mimi hupita na kapu la sokoni.
Husimama, huamkia,
na Rais, nadhani, anajua
si yeye ninayemwamkia.